HADITHI ISIYOISHA: KUTOKA KWENYE GEMU HADI MAITI YA KHAYBAR

Bismillahir Rahmanir Rahiim.


Ndugu zangu katika imani, wiki hii kijana mmoja wa hapa kwetu Mungaa kanitumia swali inboksi. Anasema kwenye kibanda cha gemu wanacheza GTA V, na ndani ya gemu hilo kuna mlima unaitwa Chiliad. Kileleni, kwenye kituo cha magari yanayopanda kwa waya, kuna mchoro ukutani: mistari kama njia za chini ya ardhi, na chini yake chombo cha angani, yai lililopasuka na mtu aliyebeba mtambo wa kurukia mgongoni. Gemu limetoka mwaka 2013, na mpaka leo watu dunia nzima wanabishana mchoro ule una maana gani. Swali lake ni hili: Shekhe, hadithi ambayo mtunzi kaiacha makusudi bila jibu, si inamzoesha Muislamu kuishi kwenye shaka, na dini yetu inataka yakini?

Hayo mauaji, wizi na uchi uliojaa ndani ya gemu hilo yana mada yake, na hukumu yake anaijua. Leo tushike swali lenyewe, maana limenikalia kichwani tangu Jumanne.

Nianze na jibu: hadithi kuacha jambo gizani si aibu wala si dhambi. Tazama wewe unafanya nini na lile giza.

Fungua Suratul Kahf, sura tunayohimizana kuisoma kila Ijumaa. Vijana wale wa pangoni walikuwa wangapi? Aya ya 22 inataja kauli za watu: watatu na mbwa wao wa nne, watano na mbwa wa sita, saba na mbwa wa nane. Kisha Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) anaamrishwa aseme kwamba Mola wake ndiye anayeijua zaidi idadi yao, asibishane juu yao ila kwa lile lililo dhahiri, na asimuulize yeyote kuhusu habari zao. Kisa kinaendelea! Ni kweli Ibn Abbas (Radhiya Allahu 'anhu) alisema yeye ni katika wachache wanaojua na kwamba walikuwa saba, kwa sababu kauli mbili za mwanzo zimeitwa kurusha maneno gizani na ya tatu haikuitwa hivyo. Huo ni ufahamu wa mwanachuoni, nao una dalili yake. Lakini pango liko nchi gani? Mbwa alikuwa rangi gani? Ibn Kathir katika utangulizi wa tafsiri yake anaitaja rangi ya mbwa huyo pamoja na mti uliotoa fimbo ya Musa, kama mifano ya mabishano yasiyomfaa mtu kitu.

Na usidhani kutamani kujua ni kosa. Katika sura hiyo hiyo kuna kisa cha Nabii Musa na al-Khadhir. Jahazi, kijana, ukuta, kisha wanaachana. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume mwenyewe alitamani lau Musa angesubiri, tukasimuliwa zaidi habari zao. Mbora wa viumbe alitaka kisa kiendelee! Lakini hakukiendeleza kwa kubuni.

Sasa tazama wachezaji wa gemu. Walioshika pedi za PlayStation 2 wanaikumbuka San Andreas ya mwaka 2004. Ilivuma kwamba porini mle kuna jitu lenye manyoya. Watu wakakesha wakilitafuta. Waliotengeneza gemu wakasema halimo, wala hawakusikilizwa, na wengine wakaghushi picha kuonyesha wameliona. Mimi huwa nacheka nikikumbuka, maana hakuna aliyeumia. Ukimsingizia mtu wa kwenye kioo, unazima mashine unakwenda kula ugali.

Shida inaanza tabia hiyo inapotoka kibandani na kuingia kijijini. Sisi watu wa Singida tusijifanye wageni wa habari hii. Wazee wetu wa Unyaturu wana habari ya mbojo, simba-watu. Miaka ya 1940, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, makumi ya watu waliuawa mkoa huu, miili ikiwa na majeraha kama ya kucha za simba. Ikasemwa si simba, ni watu waliovalishwa ngozi na wenye kuwatuma. Watu wakakamatwa, wakashitakiwa, wengine wakanyongwa. Mtafiti wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyekaa na Wanyaturu, alilitazama jambo hilo upya katika makala ya mwaka 1962. Kama mahakama ingekuwa imemaliza maswali yote, asingekuwa na cha kutazama upya. Mpaka leo ukiuliza wazee watatu utapata hadithi tatu, na usishangae kila moja ikawa na jina la ukoo fulani ndani yake. Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Nani alikuwa mbojo? Mimi sijui. Wewe pia hujui. Basi lile jina la ukoo umelipata wapi?

Na sisi tunao mfano wa mauaji ambayo muuaji wake hakujulikana, umo katika Bukhari na Muslim, ila mimbarini husikiki mara nyingi. Abdullah bin Sahl na Muhayyisa walikwenda Khaybar, wakati ule pakiwa na suluhu na Mayahudi. Wakaachana kwa shughuli zao. Muhayyisa aliporudi akamkuta mwenzake ameuawa. Ndugu wa marehemu wakaja kwa Mtume: mdogo wao, Abdur-Rahman, akaanza kusema, Mtume akamwelekeza amwachie mkubwa. (Hata kwenye msiba adabu ya umri haikuachwa, vijana mnanisikia.) Wakaeleza. Mtume akawauliza kama watakula viapo 50 juu ya wanayemtuhumu. Ndugu zangu, hawa ni watu wenye uchungu, damu ya ndugu yao bado mbichi, na wanaotuhumiwa ni watu wa dini nyingine. Wakajibu: tutaapaje juu ya jambo ambalo hatukulishuhudia wala hatukuliona? Basi Mayahudi waape viapo 50 wajitoe kwenye tuhuma. Wakasema hawawezi kuvipokea viapo vyao. Pande zote zikafungwa. Hapakuwa na shahidi, hapakuwa na kiapo.

Mtume alifanya nini? Hakutafuta mtu wa kubandika damu ile ili watu watulie. Alilipa diya yeye mwenyewe, ngamia 100. Sahl bin Abi Hathma, anayesimulia, anasema mmoja wa ngamia hao alimpiga teke. Nalipenda sana teke hilo. Jina la muuaji halikufika kwetu, teke la ngamia limefika.

Sasa rudi huku kwetu. Mtoto anakufa usiku kwa homa. Ng'ombe wawili wanaanguka zizini wiki moja. Kabla ya arobaini, jina la mama mmoja mzee linatembea kutoka kilabuni mpaka kisimani, ushahidi wake ni macho mekundu aliyoyapata kwa miaka 50 ya kupikia moshi wa kuni. Anaitwa lambalamba kuja "kusafisha" kijiji, na Waislamu wanachanga pesa! Wengine wametoka kuswali Ijumaa, Suratul Kahf ikiwa bado mdomoni. Suratul Hujurat aya ya 12 imetukataza dhana na kupekuana. Na hata serikali, sheria ya uchawi iliyopo tangu mwaka 1928 inamhesabu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kuwa mkosaji. Wazee wanakatwa mapanga Tanzania hii kwa sababu watu hawakuvumilia neno "hatujui".

Kwa hiyo kijana wangu, mchoro wa mlima Chiliad haunitishi. Ukikaa nao miaka bila kujua, ukasema sijui na ukalala, umefanya zoezi ambalo watu wazima wa kijiji chako wengi limewashinda.

Nina ombi kwa kamati za misikiti ya Mungaa na jirani zake. Mtoto akiugua, apelekwe Makiungu. Mifugo ikifa, aitwe bwana mifugo. Penye damu, aitwe polisi. Jibu likikosekana baada ya hapo, ile familia bado iko pale, imefiwa. Wale ndugu wa Khaybar hawakupata jina, walipata ngamia 100. Fedha tunazomchangia lambalamba zifunguliwe mfuko wa maafa, mfiwa apelekewe debe la mtama, jembe, hata mbuzi mmoja, na anayempelekea asiulizwe nani kasababisha.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiiq.