Uwanja Mgumu Si Uwanja Bora

Katika klabu nyingi za gofu utasikia majigambo haya: uwanja wetu mgumu, hata mabingwa unawatoa jasho. Ugumu umegeuzwa cheo. Kamati ikipata fedha inapanda miti pembeni, inaacha nyasi zirefuke, inachimba bwawa mbele ya grini, kisha inatangaza kwamba imeboresha uwanja. Imani hiyo naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu anayeumia si bingwa.

Tazama bwawa linalodai mpira uruke yadi 170 angani. Bingwa halimshughulishi. Mwenye handikapu ya 26, ambaye mpira wake mzuri kuliko yote ya siku ndio unaofika hapo, anapiga, unazama. Anatoa mwingine mfukoni, nao unazama. Hana pa kuzungukia, maana mbunifu hakumwachia. Shimo la mchanga lililowekwa yadi 180 kutoka mahali pa kuanzia ni vivyo hivyo: linameza mipira ya wanyonge, ya bingwa inapita juu. Na nyasi ndefu? Mwenye mikono yenye nguvu hupiga akatoka. Mzee wa miaka 65 humaliza dakika zake tatu za kisheria akipekua majani pamoja na kedi, kundi la nyuma likinung'unika. Halafu tunamlaumu yeye kwa kuchelewesha mchezo!

Kuna kipimo kiitwacho slopu, kinachoanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya kawaida. Klabu hujivunia namba kubwa, ilhali namba hiyo haipimi ubora hata kidogo. Inaonyesha ni kwa kiasi gani uwanja unamlemea mchezaji wa kawaida kuliko unavyomlemea bingwa.

Watetezi wa ugumu husema uwanja ukiwa mpana mabingwa wataufanya mchezo wa watoto. Pinehurst Namba 2, kule Marekani, umeshawajibu. Mwaka 2010 na 2011 wabunifu wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw waliondoa nyasi ndefu, wakapanua njia, wakarudisha mchanga na majani ya asili ya enzi za mbunifu wake, Donald Ross. Akikosea huko, mchezaji wa kawaida mara nyingi huukuta mpira wake akaupiga tena. Mwaka 2014 US Open ya wanaume ilichezwa hapo, na wiki iliyofuata ikachezwa ya wanawake. Wanaume watatu tu walimaliza chini ya pa; kwa wanawake, Michelle Wie peke yake. Kilichowabana ni grini zenye migongo, zinazoumwaga pembeni mpira usiolengwa sawasawa. Mnyonge naye hupoteza mkwaju hapo, lakini mpira anabaki nao.

Basi kamati zetu, Nairobi, Mombasa hata Arusha, zianze na mashine ya kukatia nyasi. Zisogeze mbele mahali pa kuanzia, na zisipaite pa wanawake. Ni pa yeyote asiyefikisha yadi 200. Bwawa libaki, ila upande mmoja liachiwe njia kavu.