Siku Moja Mjini: Southampton

Kama kawaida, safu hii inashinda siku moja katika mji mmoja. Toleo hili tunashuka Southampton, bandari ya kusini mwa Uingereza.

Johannesburg haina bahari, lakini jina la Southampton si geni kwa wazee wa hapa. Kwa miaka mingi meli za Union-Castle ziling'oa nanga Southampton kila Alhamisi saa kumi jioni kwenda Cape Town, na abiria wa Johannesburg walimalizia safari yao kwa treni. Huduma hiyo ilikoma mwaka 1977. Siku hizi wanaoshuka pale ni watalii wa meli za starehe. Wana saa chache tu. Wanapiga picha kwenye lango la kale la Bargate, wanasoma habari za Titanic, iliyoondoka hapo tarehe 10 Aprili 1912, kisha wanarudi melini kabla ya jioni.

Sisi tuna saa zilezile. Tuzitumie kwa mambo mawili yanayotugusa zaidi.

La kwanza liko gatini. Tarehe 15 Aprili 1874 meli iitwayo Malwa ilifika Southampton na jeneza la David Livingstone. Aliyelisindikiza kutoka Afrika ya Mashariki alikuwa kijana Myao, Jacob Wainwright. Alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa akiwa mtoto, akaokolewa na meli ya Waingereza, akasomeshwa na wamisionari huko Nasik, Uhindi. Mwaka 1872 aliletwa Zanzibar kujiunga na msafara uliotumwa kumpelekea Livingstone watu na vifaa.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, na Jacob akachonga maandishi kwenye gome la mti huo. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Safari ilichukua miezi tisa hivi. Waliouongoza msafara walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, na lugha ya misafara ya wakati ule ilikuwa Kiswahili. Walipofika pwani wapagazi walilipwa mishahara yao wakaachwa. Jacob ndiye aliyepanda meli, kwa sababu alijua Kiingereza na wamisionari walimlipia nauli. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yameshapita.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Southampton haikumpa Jacob hata siku mbili. Meya na madiwani wake walikuja kupokea jeneza, watu wakajaa barabarani, na siku hiyohiyo treni maalumu ikalichukua kwenda London, Jacob akiwa pamoja nalo. Siku tatu baadaye, tarehe 18 Aprili, alikuwa mmoja wa waliosindikiza jeneza ndani ya Westminster Abbey, pamoja na Henry Morton Stanley. Kisha akazungushwa katika miji ya Uingereza kusimulia safari mbele ya hadhara. Jembe lake lilikuwa hilo.

Magazeti ya Uingereza yaliandika mengi kuhusu siku ile. Jacob naye alikuwa na kalamu, na daftari lake limesalia hadi leo. Linaanza Mei 1873, linaishia Februari 1874, kabla hajapanda meli. Ukurasa wa Southampton haumo. Siku yake ya kwanza Uingereza tunaisoma kwa macho ya waliokuwa wakilitazama jeneza.

Jambo la pili liko mbali kidogo na gati. Panda basi hadi makaburi ya Hollybrook. Kuna ukuta wa kumbukumbu wenye majina karibu 1,900 ya watu waliokufa vitani bila kuwa na kaburi linalojulikana. Jina la Lord Kitchener limo. Humo pia yamo majina ya mamia ya vijana Waafrika wa nchi hii, wa meli ya Mendi.

Mendi iliondoka Cape Town Januari 1917 ikiwa na wanaume zaidi ya 800 wa kikosi cha vibarua, wakielekea Ufaransa. Alfajiri ya tarehe 21 Februari, kwenye ukungu mzito karibu na kisiwa cha Wight, meli kubwa zaidi iitwayo Darro iliigonga. Mendi ilizama kwa chini ya nusu saa. Darro haikushusha mashua kuokoa watu. Waliokufa walizidi 600. Hao hawakupata hata ile siku moja ya Jacob; Southampton ina majina yao tu. Sisi tunaweza kuyakumbuka bila kupanda meli, maana kumbukumbu yao iko pia Soweto, katika makaburi ya Avalon.

Habari hizi mbili zinakutana kwenye medali. Mwaka 1874 zilitengenezwa medali sitini kwa ajili ya watu wa msafara wa Livingstone. Zilipofika Zanzibar, wengi walikuwa wameshatawanyika. Baada ya vita, serikali ya Afrika Kusini ilikataa kuwapa medali vibarua wake Weusi. Heshima ya serikali na vyama vikubwa huchelewa, au haiji. Kumbukumbu ikingojea wao tu, siku nzima ya mtu hupotea.

Wengi wetu katika klabu hii tuna mzazi, shangazi au babu aliyeshuka Park Station na begi moja, akitokea Lubumbashi, Bukavu, Dar es Salaam au Mombasa. Je, ile siku yake ya kwanza Johannesburg imeandikwa wapi? Alikula nini? Nani alimpokea? Neno gani la mji huu alilisikia kwanza asilielewe? Muulize kwa Kiswahili, hata kama wewe hujibu kwa Kiingereza nyumbani. Andika anavyosema yeye, usimsahihishe sarufi. Ukurasa mmoja unatosha. Ulete kwenye kikao kijacho, na safu hii itatoa nafasi yake kwa kurasa hizo.

Maneno ya toleo hili

Gati: mahali meli inapofungwa ili watu na mizigo ishuke.
Kung'oa nanga: meli kuondoka bandarini. Kinyume chake ni kutia nanga.
Mpagazi: mtu anayelipwa kubeba mizigo katika msafara.
Ukungu: hewa nzito ya mvuke inayozuia kuona mbali.