Utomvu wa Embe na Ngozi ya Mtoto

Maembe yakiiva, kila mtoto hula, hata yule wa miezi saba aliye mgongoni mwa dada yake: naye hupewa embe alinyonye, ganda na yote. Siku ya pili au ya tatu midomo na mashavu yake huvimba, vipele vyenye majimaji hutokea, naye hulia usiku kucha kwa kuwashwa. Hapo mama huuliza: ni nani aliyemtazama mwanangu kwa jicho baya? Na jirani asiye na kosa huanza kuchukiwa.

Kumbe ni utomvu, ule wa kikonyo na wa ganda. Kwa mtoto ambaye ngozi yake haipatani nao, hauwashi papo hapo, ila baada ya siku moja au mbili, na embe limekwisha sahauliwa. Nyama ya ndani haiwadhuru walio wengi.

Basi lioshwe, limenywe, mikono ioshwe, ndipo mtoto apewe. Vipele vikitoka, mwosheni kwa maji safi, mkateni kucha. Msimpake majani yaliyopondwa, kwani huzidisha kidonda. Akivimba uso wote au akipumua kwa shida, msingoje kuche: mpelekeni hospitali.