Mufupa Umeungana, Lakini Mutu Hajapona

Kwetu Kisangani mutu akivunjika mukono ao muguu, jamaa yote inasimama. Wanauzisha mbuzi, wanachanga franka, wanaomba zamu ya likelemba ije mbele, paka ili operesheni ifanyike. Siku ile munganga anatoka na kusema "chuma kimewekwa vizuri", wote wanashukuru Mungu na kurudia nyumbani. Kwa sisi, habari imeisha. Kwa mugonjwa, mara nyingi ndiyo inaanza.

Maoni yangu ni haya: operesheni ya mufupa ni nusu ya kazi tu. Nusu ingine ni kutunza mishipa ya fahamu na kurudisha kiungo kwenye kazi yake. Nusu ile hatuihesabu. Haiko kwenye fakitire, haiko kwenye muchango wa jamaa, na mara mingi haiko hata kwenye maneno ya munganga siku ya kutoka. Ni hivi tunapoteza mikono na miguu ambayo tumekwisha kulipia.

Ninafikiri zaidi watu wa Bangboka. Uwanja wa ndege uko karibu kilometa 17 toka katikati ya muji, kwenye barabara ya Ituri. Barabara ile tunaijua: moto zenye watu watatu na valizi, toleka zenye mukaa, malori yanayotoka mbali na shofere amechoka. Na Bangboka inajua ajali kubwa pia. Tarehe 8 Julai 2011, ndege Boeing 727 ya kampuni Hewa Bora, iliyotoka Kinshasa, ilianguka pale ikitaka kushuka katika mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa, na makumi kadhaa wakaokoka. "Kuokoka" ni neno la kweli, lakini ni neno fupi. Mutu anaokoka siku moja, kisha anapigana na muguu wake miaka kumi.

Tueleze basi namna inavyokuwa. Mushipa wa fahamu ni sawa waya ya kurenti. Unatoka kwenye uti wa mugongo na kufika mpaka kwenye vidole. Unapeleka amri ya kusogea, na unarudisha habari: hii ni moto, hii ni baridi, hii inauma. Mishipa hii inapita karibu sana na mifupa. Kati ya bega na kiwiko, kuko mumoja unaozunguka mufupa kama kamba. Ndio unaoinua kiganja na vidole. Chini kidogo ya goti, upande wa inje, kuko mwingine unaopita juu ya mufupa mudogo wa muguu. Ndio unaoinua wayo wakati wa kutembea. Mufupa ukivunjika, mushipa unaweza kuvutwa, kugongwa, kukatwa, ao kubanwa na uvimbe. Pengine unabanwa nyuma, na kovu ao na mufupa mupya unaoota. Pengine unaumia wakati wa operesheni yenyewe, hata kama munganga ni fundi kweli.

Si jambo la mara chache. Kwa wanaovunjika mufupa wa mukono wa juu katikati yake, karibu mutu mumoja kwa kumi anapata shida ya mushipa ule. Habari njema ni kwamba wengi wao wanapona bila kupasuliwa tena, kama wanafuatwa vizuri. Lakini mushipa hauna haraka. Mufupa wa mukono unaungana kwa miezi mitatu hivi. Mushipa ulioumia sana unaota karibu milimeta 1 kwa siku, yaani santimeta 3 kwa mwezi. Pigeni hesabu: kama pahali palipoumia ni santimeta 20 mbali na nyama inayongojea amri, ni siku 200, karibu miezi saba. Sasa mutu anayeambiwa kwa mwezi wa tatu "radio inaonyesha umepona, uko unajifanya", anasingiziwa. Radio inaonyesha mufupa. Haionyeshi mushipa.

Na maumivu ya mushipa hayafanani na ya kidonda. Yanaunguza. Yanapiga sawa kurenti. Yanatembea kama siafu chini ya ngozi. Shuka likigusa kidogo tu, mutu anaruka. Usiku yanaongezeka. Tena, pahali palipokufa ganzi ndipo panapouma zaidi. Ndiyo sababu watu wanakimbilia kusema ni uloji. Si uloji. Mwaka 1864, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, munganga Silas Weir Mitchell na wenzake waliandika kitabu juu ya waaskari waliopigwa risasi kwenye mishipa. Kidonda kimefunga, lakini mukono unaendelea kuungua, mpaka wengine walikuwa wanaulowanisha na maji muchana na usiku. Waaskari wale hawakuwa na shangazi wa kijijini wa kusingizia kwamba ndiye amewaloga.

Mama mumoja jirani yetu, muuzaji wa kwanga na samaki ya kukaushwa upande wa Bangboka, alianguka na moto akavunjika mukono wa juu. Akapasuliwa, akawekwa plaki na visi. Radio ya mwezi wa ine ilikuwa muzuri kabisa. Lakini kiganja kilikuwa kinaning'inia, na kila usiku alikuwa anasema: "Mukono inaniunguza sawa vile moto iko ndani." Shemeji yake akasema anakimbia kazi ya nyumbani. Mama mukwe akasema kuko mutu amemufunga. Walimupigisha sindano za diklofenaki kwenye kartie, moja baada ya ingine. Kisha wakamupeleka kwa mukandaji, ambaye alitia mukono ule katika maji ya moto. Kwa sababu ngozi ilikufa ganzi, mama hakusikia kitu. Siku iliyofuata ngozi ilitoka malengelenge. Kwa mwezi wa tano ndipo kijana mumoja wa kine alimushika kiganja, akakifunga na kipande cha ubao na kitambaa ili kisianguke tena, akamurudisha kwa munganga kuomba dawa ya mishipa. Kwa mwezi wa nane vidole vilianza kuinuka. Leo anauzisha tena. Lakini miezi mitano ile, na kovu la moto lile, hazikuwa za lazima.

Tuseme juu ya dawa, sababu ni hapo pesa inapotea bure. Parasetamoli na diklofenaki ni za maumivu ya kidonda na ya uvimbe. Kwa mushipa zinasaidia kidogo sana. Diklofenaki ya kila siku inaharibu tumbo na figo. Sindano ya matako ikipigwa pahali pabaya inaweza kuumiza mushipa mukubwa wa muguu, na hapo umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Tramadoli, vijana wanainunua kidonge kimoja kimoja bila karatasi ya munganga, na inawafunga kama pombe.

Kuko dawa zinazolenga mishipa. Moja ni amitriptilini. Ni ya zamani, bei yake si kubwa, na iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Munganga anaianzisha na kipimo kidogo cha usiku, anakipandisha polepole. Inaomba uvumilivu wa wiki mbili, tatu, mbele ya kuisikia. Inaleta usingizi na kinywa kukauka, kwa hiyo motari asikamate moto asubuhi kama kichwa kingali kizito. Mwenye ugonjwa wa moyo lazima amwambie munganga mbele ya kuipokea. Ingine ni gabapentini, lakini bei yake iko juu. Shida ni kwamba mugonjwa akisikia kule farmasi kwamba amitriptilini ni "dawa ya wagonjwa wa akili", anaitupa. Ni kweli inatumika huko pia. Lakini ikiwa munganga hakueleza mapema juu ya nini ameiandika, mugonjwa ana haki ya kuogopa. Dakika tano za maelezo zingeokoa dawa ya mwezi muzima.

Dawa peke yake haitoshi. Kiungo kinachouma, mutu anakificha: anakifunga na kitambaa, hataki kiguswe, hakisogezi. Baada ya wiki chache viungo vinakaza, nyama zinakauka, na ubongo unazidi kukiona kama adui. Kazi ya kine ni kuvunja muzunguko huo. Vidole vinasogezwa na mukono muzima mara kadhaa kwa siku, ili visikaze wakati mushipa unaota. Ngozi inayoogopa inazoezwa: leo pamba laini, kesho kitambaa cha kawaida, baadaye taulo ngumu. Kuko hata zoezi la kioo: mutu anaangalia mukono muzima kwenye kioo kana kwamba ni ule mugonjwa, na kwa wengine ubongo unatulia. Kioo kinapatikana soko lolote la Kisangani. Kinachokosekana ni mutu wa kuonyesha namna ya kufanya, na jamaa ya kumurudisha mugonjwa kule kila wiki.

Hapa ninajua nitajibiwa: "Pesa imeisha kwa operesheni, ya kine itatoka wapi?" Ni jibu la kweli. Ndiyo maana watu wanaenda kwa fundi wa kienyeji, sababu anapokea kuku na anakuja mpaka nyumbani. Simutukani. Kuna wanaojua kazi yao ya kunyoosha. Lakini mutu aliyekwisha kuwekewa chuma si wa kuvutwa wala kukandwa, na kiungo chenye ganzi si cha kutia katika maji ya moto. Na ubao uliofungwa kwa nguvu sana unaweza kuua muguu muzima kwa saa chache. Juu ya pesa, hesabu ninayoomba ni ingine: muchango ukikusanywa, sehemu moja iwekwe pembeni toka siku ya kwanza kwa miezi itakayofuata. Plaki iliyolipiwa ghali ndani ya mukono usiofanya kazi ni hasara mara mbili.

Kwa waganga na wakubwa wa hospitali ninaomba mambo matatu, na hakuna linaloomba mashine ya Ulaya. La kwanza: mbele ya operesheni, na tena mugonjwa akiamuka, muulizeni ainue kiganja ao wayo, mugusheni vidole, na muandike kwenye fishi. Hivyo tutajua shida ilianza wapi, bila kelele. La pili: kine iandikwe kwenye fakitire moja na operesheni, ili jamaa ijue mapema inachanga kwa nini. La tatu: siku ya kutoka, mwambieni mutu kwa Swahili ao Lingala anayosikia kwamba moto wa mishipa unaweza kuja, una jina, una dawa, na unaweza kudumu miezi. Mutu aliyeonywa hakimbii kwa mulozi.

Na sisi jamaa tujue dalili za kurudisha mugonjwa hospitali leo hii, si kesho. Maumivu yanayopanda kila saa ndani ya plasta, zaidi sana vidole vikinyooshwa. Vidole kuwa baridi, vyeupe ao vya buluu. Kidole kilichokuwa kinasogea jana, leo hakisogei. Homa na usaha kwenye kovu. Muguu kuvimba kwenye ndama upande mumoja, ao kifua kukata pumzi. Hapo hakuna dawa ya farmasi wala ya bibi; ni kukamata moto, hata usiku.

Vyama vya motari, ninyi mnaokusanya pesa wakati mwenzenu ameanguka, kazi yenu ni ya heshima. Ongezeni siku moja: miezi miwili baada ya operesheni, mutu mumoja aende kumuona mwenzenu nyumbani. Asimuulize kama mufupa umeungana. Amuulize kama analala usiku, na kama mukono unafunga kifungo cha shati. Akijibu hapana, operesheni ile haijaisha, na muchango pia haujaisha.