Tarehe za Kitabu Chetu



Rasimu ya kitabu cha historia ya wafanyakazi, kinachoandikwa na matawi yetu kwa pamoja, imetufikia. Tumeisoma, na tumekuta jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia.

Habari ya Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu 1966, inajulikana. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara zaidi, na tarehe 9 mwezi huo askari wa serikali ya kikoloni wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Tawi moja limeandika 9/12/1941, siku kwanza, kama tulivyozoea. Tawi jingine limeisoma tarehe hiyo hiyo kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza, likaandika Septemba 12. Basi kwa mujibu wa kitabu chetu watu waliuawa karibu miezi mitatu kabla ya kugoma! Anayetaka kusema habari hii ni uzushi tumemwandikia ushahidi kwa mkono wetu wenyewe.

Tarehe 13 na kuendelea zinajilinda, maana hakuna mwezi wa 13. Hatari iko katika siku 12 za mwanzo za kila mwezi. Tumehesabu: siku 132 za mwaka zinaweza kusomwa namna mbili. Hata Mei Mosi, ikiandikwa 1/5, kwa Mmarekani ni Januari 5. Wala kosa hili haliishii vitabuni. Mtu aliyeandikwa kazi 7/3, yaani Machi 7, mashine ikisoma Julai 3, amepokonywa karibu miezi minne ya utumishi wake.

Sisi tunataka hivi: katika maelezo, mwezi uandikwe kwa jina na mwaka kwa tarakimu zote nne: 9 Desemba 1941. Katika majedwali, mwaka utangulie: 1941-12-09, kama kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 iliyotolewa 1988. Barua ya zamani ikinukuliwa, isiguswe. Tarehe yetu iwekwe pembeni. Na pale isipojulikana kama ni siku au mwezi, mwandishi asibahatishe, bali aulize tawi lililoleta karatasi.

Kuna na usiku. Mzee akisema "usiku wa tarehe 9", huenda ana maana ya usiku wa kuamkia tarehe 9, kwa kuwa kwake siku huanza jua linapotua. Aulizwe, kisha iandikwe "usiku wa kuamkia".

Baadhi ya ndugu wanasema kila tawi lina desturi yake, na kwamba tunawaamrisha. Desturi ya tawi ibaki katika barua za tawi. Kitabu ni cha wote, na rasimu hii isipelekwe kiwandani kupigwa chapa kabla kila tawi halijazipitia tarehe zake upya.