Jina la Mtume Katika Ulingo wa Mieleka

Wanafunzi wetu wakitazama mieleka ya zamani ya WWE hutuuliza: "Ustadhi, yule Muhammad Hassan alikuwa Muislamu?" Jina lile lilikuwa la kuigiza. Mwenyewe ni Marc Copani, Mmarekani mwenye asili ya Italia. Alijitokeza mwishoni mwa 2004, akiigiza Mwarabu wa Marekani anayelalamikia ubaguzi uliofuata Septemba 11, 2001.

Malalamiko yale yalikuwa ya kweli, lakini watazamaji walifundishwa kuyazomea. Kipindi kilichorekodiwa Julai 4, 2005 kilionyesha watu waliofunika nyuso wakimkaba Undertaker. Kilirushwa Julai 7, siku ya milipuko ya London. Kelele zikawa nyingi, na mwezi huohuo akaondolewa ulingoni.

Baadaye Copani akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule. Yeye aliweza kulivua lile jina kama kanzu ya kuazima. Akina Muhammad wetu hawawezi, wala hatutaki walivue.

Basi tusiishie kuzima televisheni. Tukae nao, tuwaeleze mchezo ule uliwafaidisha nani. Tusipowafundisha sisi heshima ya jina hili, watafundishwa na wacheza mieleka.

Wabillahi tawfiq.