Neno la Mhariri: Tulifute Neno "Wazimu"

Rasimu za toleo hili kuhusu mashabiki zilipoanza kufika, neno moja lilinichosha kabla sijaelewa hoja ya yeyote. Wazimu. Wazimu wa mashabiki wa mtelezaji wa barafuni wa Japani, Yuzuru Hanyu, wazimu wa kina mama wa Kijapani, wazimu wa kurusha midoli ya dubu kwenye barafu. Nimelifuta kila nilipolikuta. Waandishi wawili walinipigia simu kulalamika, na mmoja wao alinipa hoja nzuri ambayo nitaijibu mwishoni. Tulibishana wiki kadhaa. Nimeona ni haki wasomaji nao wausikie ubishi huo, kwa kuwa toleo zima limesimama juu yake.

Tarehe 26 Februari 2023, watu 35,000 waliingia Tokyo Dome kumtazama mtu mmoja akiteleza. Hapakuwa na mashindano, waamuzi wala medali. Uwanja huo ni wa nyumbani wa Yomiuri Giants, na barafu ilitandikwa pale ambapo siku nyingine huchezwa besiboli. Giants wanapocheza, watu huvaa jezi, hupiga ngoma, humwimbia kila mchezaji wimbo wake, na wapo wanaotokwa na machozi timu ikifungwa. Hayo huitwa mapenzi ya mchezo. Viti hivyohivyo vikijaa wanawake, wengi wao watu wazima waliokwisha kulea na kusomesha, ndipo maneno ya hospitali yanapoanza kutumika.

Dharau hii ina historia. Mwaka 2004, baada ya NHK kuonyesha tamthilia ya Winter Sonata, mwigizaji wa Korea Kusini Bae Yong-joon alipotua Japani alipokewa na maelfu ya wanawake, na wengi wao walikuwa wa makamo. Vyombo vya habari viliwafanya kichekesho kwa miezi. Makala yetu ya kwanza inarudi nyuma zaidi, hadi Takarazuka, kundi la maigizo la wanawake watupu lililoanzishwa mwaka 1913, ambalo mashabiki wake wamejijengea adabu zao wenyewe: wapi pa kusimama mwigizaji anapoingia na kutoka, nani ampe barua, lini wakae kimya. Mwandishi wake anaonyesha kwamba shabiki wa Hanyu anayeshona bendera kwa mkono na kuitundika ukutani mwa uwanja amerithi desturi yenye umri wa karne nzima. Isomeni makala hiyo kwanza.

Sasa niseme langu. Ubishi uliopo kwenye fani yetu umetuachia majina mawili tu ya kumwita shabiki: ama ni mteja, ama ni muumini. Mimi napendekeza la tatu. Shabiki wa aina hii ni shahidi.

Tazameni jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Kila baada ya makundi kadhaa ya watelezaji kumaliza, mashine hupita juu ya barafu na kufuta michoro yote iliyoachwa na vyuma vya viatu. Katika dakika chache, mistari ambayo mtu aliifanyia kazi tangu utotoni haipo tena. Kamera hubaki na picha, ndiyo, lakini ni picha ya jicho moja lililokaa pembe moja. Haibaki na mlio wa chuma kinapobadilisha ukingo, wala haionyeshi jinsi mwendo unavyokuwa mkali pale mtelezaji anapokupita ukiwa umekaa safu za mbele. Kilichotendeka kinabaki kwa waliokuwepo, na wasipokisema kimepotea.

Ushahidi unahitaji ujuzi, na hapa ndipo neno wazimu linaponiudhi zaidi. Baada ya kashfa ya waamuzi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, mfumo wa kale wa alama 6.0 uliachwa, ukaja mwingine unaotoa thamani kwa kila mruko, kila mzunguko na kila mfululizo wa hatua. Karatasi za waamuzi huchapishwa. Mashabiki hawa huzisoma kama mwenye duka anavyosoma daftari la mali yake. Wanajua Hanyu alipata 322.40 mjini Nagano Novemba 2015, akawa mwanamume wa kwanza kuvuka 300, na kwamba wiki mbili baadaye mjini Barcelona alifikisha 330.43. Wanajua pia kwamba mwaka 2018 kipimo cha ubora kilipanuliwa, kutoka kati ya -3 na +3 hadi kati ya -5 na +5, na shirikisho la kimataifa likazihamisha rekodi zote za awali kwenye rejesta ya kihistoria. Ile 330.43 haikuvunjwa na mtu, ilifungiwa kabatini. Anayeweza kumweleza kijana wa leo uzito wa namba hiyo ni yule aliyekuwepo na aliyejifunza kuhesabu.

Ujuzi huo haukomei kwenye hesabu. Programu ya Seimei, ambayo Hanyu aliianza msimu wa 2015 na kuirudia Pyeongchang mwaka 2018 alipochukua dhahabu ya pili ya Olimpiki, inamhusu Abe no Seimei, mnajimu wa enzi ya Heian. Mashabiki walikwenda Kyoto kwenye hekalu lake, wakaandika dua zao kwenye vibao vya mbao, na wengine wakarudi nyumbani kusoma historia ya enzi hiyo. Hanyu mwenyewe alihitimu Chuo Kikuu cha Waseda mwaka 2020 kwa utafiti wa kupima miruko kwa vihisio vinavyonasa mwendo wa mwili. Mtelezaji anayesomea kazi yake kiasi hicho anastahili watazamaji wanaosoma, na amewapata.

Kuna midoli pia, ambayo imeandikwa mno na kueleweka kidogo. Hanyu alizoea kuwa na dubu Winnie-the-Pooh kando ya uwanja, na kwa miaka mingi alipomaliza kuteleza mvua ya dubu ilimfuata. Makala ya picha iliyopo katikati ya toleo inaonyesha jambo ambalo televisheni hulipita haraka: midoli imefungwa kwenye plastiki, ili uzi au manyoya yasianguke juu ya barafu na kumwangusha mtelezaji anayefuata. Huyo anayefuata ni mpinzani. Mtu aliyepotewa na akili hamfikirii mpinzani. Kisha watoto waliingia, wakaokota, na midoli mingi iliishia kwenye mashirika ya hisani na kwa watoto wa mji ule. Aliyewahi kukaa kwenye onyesho la taarab Unguja au Tanga anaijua sehemu ya kwanza ya desturi hii: mama anainuka na noti yake, anacheza taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji. Hamnunui. Anatangaza mbele ya watu wote kwamba yale maneno yamemgusa yeye. Kwenye barafu tuzo ilisafiri zaidi, ikaangukia mikononi mwa mtoto ambaye mtoaji hatamjua kamwe.

Lakini makala iliyonilazimisha niandike kwa urefu huu ni ile ya Sendai. Tarehe 11 Machi 2011 Hanyu alikuwa na miaka 16, akifanya mazoezi kwenye uwanja wa barafu wa mji wake, ardhi ilipotikisika. Alikimbia nje na viatu vya barafu miguuni. Familia yake ikalala kwenye kituo cha waliohamishwa, uwanja ukafungwa, naye akafanya mazoezi kwenye viwanja vya miji mingine huku akishiriki maonyesho mengi ili tu apate barafu ya kuteleza. Alipoandika kitabu cha maisha yake, mrabaha aliutoa kwa uwanja ule. Alipoleta nyumbani dhahabu ya pili, akiwa mwanamume wa kwanza kuitetea dhahabu hiyo tangu Dick Button mwaka 1952, zaidi ya watu 100,000 walijipanga kwenye barabara za Sendai kumpokea, Aprili 2018.

Tangu mwaka 2023, kila Machi Hanyu huandaa onyesho liitwalo Notte Stellata katika ukumbi mkubwa wa Rifu, mkoani Miyagi. Ukumbi huo, baada ya tsunami iliyofuata tetemeko lile, ulitumika kuhifadhi miili ya waliokufa. Mashabiki wanalijua hilo wanapokata tiketi. Wanakwenda mahali ambapo watu walipanga foleni kuwatambua ndugu zao, wanakaa, wanatazama kijana aliyenusurika akiteleza. Mwandishi wetu alizungumza na wanawake ambao, kabla ya kurejea makwao, hupita kwenye vijiji vya pwani vilivyosombwa na kununua samaki na mwani kwa wenyeji. Nipeni neno jingine la kuwaita watu hawa kama shahidi halifai. Ninaloweza kusema ni kwamba mteja hafungi safari kwenda kukaa na msiba usio wake.

Hoja ya mteja, hata hivyo, imepewa nafasi yake. Makala ya nne inafuatilia fedha: tiketi, majarida, fulana, usafiri, na sekta nzima iliyojengwa juu ya *oshi*, neno la Kijapani la yule unayemsukuma mbele. Hesabu zake ni za kweli na onyo lake ni la lazima, kwani wapo wanaojinyima chakula kwa ajili ya kiti cha mbele. Tofauti yangu na mwandishi ni moja. Kama hawa walikuwa wanunuzi wa ushindi, Olimpiki ya Beijing ingewatawanya. Februari 2022 Hanyu alifika huko akitafuta dhahabu ya tatu. Katika programu fupi chuma chake kiliingia kwenye shimo la barafu, na mruko wa mizunguko minne ukawa wa mzunguko mmoja. Katika programu ndefu alijaribu Axel ya mizunguko minne na nusu, mruko ambao hakuna aliyewahi kuukamilisha mashindanoni, akaanguka. Alimaliza wa nne. Miezi saba baadaye Mmarekani Ilia Malinin, mwenye miaka 17, aliukamilisha. Kwa mizani ya soko, bidhaa ilikwisha siku ile. Mwaka mmoja baada ya anguko lile ndipo Tokyo Dome ilipojaa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sijui soko lenye methali kama hiyo.

Uhakiki wa riwaya ya Rin Usami, *Oshi, Moyu*, iliyotwaa Tuzo ya Akutagawa Januari 2021, ni mfupi na mkali; unafaa kusomwa mara baada ya makala ya nne. Maelezo ya fundi wa barafu yatawafaa wanaotaka kujua mambo ya kitaalamu.

Nimebakiza lililo gumu. Agosti 2023 Hanyu alitangaza kwamba ameoa. Tarehe 17 Novemba mwaka huohuo alitangaza talaka, akieleza kwamba mwenza wake, jamaa zao na watu wao wa karibu walikuwa wakiviziwa na kusumbuliwa, na kwamba vyombo vya habari vilikuwa vikichapisha mambo yao bila ridhaa. Ndoa haikutimiza miezi minne. Hakuna hoja yoyote kuhusu mashabiki hawa inayostahili kusikilizwa kama inaipita tarehe hiyo kimyakimya, na yangu isiipite.

Shahidi ana mpaka. Anashuhudia kilichowekwa mbele yake kwa hiari ya aliyekiweka. Mtelezaji hutoa barafuni mwili wake, pumzi yake, ambayo kwa Hanyu imepiganiwa na pumu tangu utotoni, na hata anguko lake. Hajatoa mlango wa nyumba yake. Anayeuvuka mlango huo ameacha ushahidi na kuingia kwenye umiliki, hata akiwa amehudhuria kila onyesho tangu mwanzo, na gazeti linalomlipa mpiga picha akae nje ya mlango uleule limevuka pamoja naye. Makala ya tano inamlaumu shabiki pekee. Ningependa ingemlaumu mhariri pia, na nasema hivyo nikiwa mhariri.

Hapa narudi kwa mwandishi aliyenipigia simu. "Sawa," alisema, "wafutie kina mama wa Sendai. Lakini kwa waliomvizia mke wa Hanyu na jamaa zake, liache." Nimelifuta hata hapo. Anayemvizia mtu nyumbani anahitaji akili timamu: ajue njia, ajue saa, ajue nani anaingia na nani anatoka. Kumwita mwendawazimu ni kumpa udhuru ambao hajauomba. Na neno hilohilo, likitoka kwake, humwangukia bibi wa miaka 70 aliyekaa safu ya mwisho Rifu na mdoli wake ndani ya plastiki. Linamsitiri mkosaji na kumchafua asiye na kosa. Kwa kazi hiyo siwezi kulipa nafasi kwenye kurasa hizi.

Kiswahili hakijatuacha mikono mitupu. Tuna mpenzi, tuna shabiki, tuna mkereketwa, neno ambalo ndani yake kuna kitu kilichokwaruza koo na hakitoki. Waandishi wa toleo hili wameyatumia yote matatu, na sentensi zao zimenyooka zaidi kuliko zilivyokuwa kwenye rasimu. Ninawaomba mnaotuandikia kwa toleo lijalo, hasa mnaoandika kuhusu wanawake wanaojaza kumbi za taarab, mfanye vivyo hivyo tangu rasimu ya kwanza. Waulizeni walichokiona, na muwape nafasi ya kujibu kwa kirefu.